Kliniki, Bamvua na Simu ya Nyumba: Niliyojifunza Nikitengeneza Huduma za Taarifa za Afya Pemba

Mwanamke wa Makangale anayelima mwani hapangi wiki yake kwa Jumatatu na Jumanne. Anaipanga kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huingia kwenye bamvua. Maji hukupwa mbali, na huku kwetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kiasi cha saa 4 hadi saa 5. Huo ndio wakati shamba la mwani linapofikika kwa miguu, na kila kitu hufanywa hapo: kukaza kamba, kufunga mbegu, kuvuna. Zikija siku za maji mafu, bahari haitoki vya kutosha na yeye anakuwa na nafasi. Kliniki ya wajawazito nayo ni asubuhi. Ukimpangia miadi siku ya bamvua, unaweza kumkumbusha kwa ujumbe mara tatu na bado hatokuja. Ujumbe ameupata, ameusoma na ameuelewa. Ila kumwambia aache bamvua ni kumwambia aache fedha ya nusu mwezi.

Nilikuwa muuguzi Wete kabla sijaingia kwenye kazi ya kutengeneza huduma za taarifa za afya kwa wagonjwa: ujumbe mfupi wa simu, simu za sauti iliyorekodiwa, menyu za kubofya nyota, na siku hizi vipande vya sauti vya WhatsApp. Kazi hii imenipeleka Micheweni, Tumbe, Kojani, Mkoani na visiwa vidogo ambavyo gari haifiki. Niliyojifunza ni mengi, lakini naona yote yanarudi kwenye jambo moja. Taarifa ya afya haijawa huduma mpaka mgonjwa aweze kuifanyia kazi siku ile ile, akiwa pale alipo, kwa simu iliyopo nyumbani kwake na kwa kazi inayomlisha.

Zanzibar si wageni wa mambo haya. Mwaka 2009 hadi 2010 mtafiti kutoka Denmark, Stine Lund, na wenzake walifanya hapa utafiti uliojulikana kama Wired Mothers. Waliwafuatilia wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya. Nusu ya vituo, wanawake wake walitumiwa ujumbe wa simu na kupewa vocha ya kuwapigia wakunga, na nusu nyingine waliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliojifungua mikononi mwa wataalamu walikuwa asilimia 60 upande wa simu na asilimia 47 upande wa pili. Ni habari njema, na watu wengi huishia hapo wanapoisimulia. Ukisoma mpaka mwisho unakuta ongezeko lile liliwagusa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa shamba simu haikuleta tofauti ya maana. Mimi sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonishika. Ujumbe ulikuwa ule ule na vocha ni ile ile. Kwa hiyo kila ninapokaa kupanga huduma, swali langu la kwanza huwa: huyu wa shamba, akishaupokea huu ujumbe, atanyanyuka vipi?

Tangu wakati ule mambo yamesogea. Wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, ambao Wizara ya Afya inauendesha kwa kushirikiana na shirika la D-tree, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zenye programu inayowaongoza waulize nini na wamshauri mtu nini. Hii ni hazina kubwa. Mhudumu anajua nani amehamia kwa mama yake kujifungua, nani mumewe yuko dago, yaani kambi ya uvuvi, nani ameacha dawa. Huduma yoyote ya ujumbe inayopita juu ya vichwa vya watu hawa, ikatuma tu kutoka kwenye kompyuta ya mjini, inajinyima macho.

Turudi kwenye bamvua. Tulipokaa na wakulima wa mwani, wenyewe ndio waliotuonyesha njia. Wakati wa kumwandikisha mtu tukaongeza swali moja: kazi yako inakutoa nyumbani wakati gani? Kisha tukaliweka jedwali la maji ndani ya mfumo, ili muuguzi anapochagua tarehe ya miadi aone palepale kama siku hiyo ni bamvua au maji mafu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huku kwetu inafika kama mita 4, kwa hiyo hakuna ubishani kuhusu nani ana nafasi na nani hana. Kazi ngumu ilikuwa kuzungumza na wakuu wa vituo. Wengine siku zao za kliniki zimeandikwa kwa rangi ukutani, na ukuta haupingwi kirahisi. Waliokubali kuwapokea wakulima wa mwani siku za maji mafu wameona benchi likijaa siku ambazo zamani lilikuwa tupu.

Wavuvi wa Kojani wana hesabu yao tofauti. Wanakwenda dago, wanapiga kambi mbali na nyumbani kwa wiki nyingi, Unguja, Tanga, hata upande wa Kenya. Mtu wa presha aliye dago hakumbushwi aende kliniki ya Kojani. Anahitaji kuondoka na dawa za kutosha, na anahitaji karatasi au picha kwenye simu inayosema anatumia dawa gani na dozi gani, ili zikimwishia aweze kwenda kituo chochote kilicho karibu naye. Kwa hiyo ujumbe wake tunautuma kabla hajaondoka, na unamwambia apite kuchukua dawa pamoja na karatasi hiyo. Akishatia mguu chomboni tumechelewa.

Saa nayo ina mambo yake. Mifumo mingi inakuja imeandikwa kwa hesabu ya saa ishirini na nne. Inatoa ujumbe: “Miadi yako ni saa 08:00.” Mzee anasoma saa nane. Anasali adhuhuri, anakula, anafika kituoni mchana, na kliniki imefungwa tangu zamani. Nimewahi kukaa kwenye baraza ya kituo kimoja nikiwaona watu wa namna hiyo wakiambiwa wamechelewa, nao wanaonyesha simu zao. Ujumbe wa mgonjwa uandikwe “saa 2 asubuhi”, basi, na anayetengeneza programu ajue kwamba kugeuza saa kwa ajili ya Mswahili ni sehemu ya kazi yake, kama ilivyo kugeuza fedha. Kwa wazee tunaongeza na sala: “asubuhi, kabla ya adhuhuri”. Sisi tuko karibu na ikweta, kama nyuzi 5 kusini, kwa hiyo nyakati za sala hazihamihami sana mwaka mzima. Mtu anayetakiwa kunywa dawa mara mbili kwa siku, ukimwambia “baada ya alfajiri na baada ya magharibi” umempa saa isiyohitaji betri. Na kwa miezi, wapo bibi ambao hawatakwambia Aprili wala Mei, watakwambia mfunguo mosi, mfunguo pili. Tunapowapigia tunataja zote mbili.

Sasa nije kwenye sauti, ambayo naipenda kuliko yote.

Wanawake wengi wazee wa Pemba walisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani. Msahafu wanausoma vizuri, lakini skuli hawakupelekwa, na herufi hizi za simu haziwaingii. Kuwatumia ujumbe wa maandishi ni kumtumia mjukuu. Kwa hiyo simu ya sauti, ile inayopiga na kuzungumza maneno yaliyorekodiwa, ndiyo njia yao. Sauti ya kwanza tuliyoletewa ilitengenezwa studio, na mtangazaji mwenye sauti nzuri kweli, anayesema haraka kama wasemavyo watu wa redio. Ilianza na “Assalaam alaikum” na palepale ikaunganisha maelezo. Nikaenda kumtembelea bibi mmoja wa Konde kumuuliza.

“Shikamoo bibi. Simu yetu imekufikia?”

“Marahaba mwanangu. Imefika. Nimemwitikia salamu, mwenyewe kesha kwenda zake na maneno. Nikamwambia ngoja kwanza, hakungoja.”

“Na alisema nini?”

“Nitajuaje, nami namsubiri anyamaze nimjibu?”

Tukairekodi upya. Safari hii msemaji alikuwa mkunga wa huku huku Pemba, mtu ambaye akina mama wanaijua namna yake ya kuongea. Baada ya salamu tukaacha kimya cha kutosha mtu kuitikia kwa utulivu. Kisha anauliza hali, kimya tena. Kisha anajitaja ni nani na anatoka kituo gani. Ndipo linakuja jambo lenyewe, moja tu, na linarudiwa. Mtoa fedha alilalamika kwamba kimya kinagharimu, maana simu hulipiwa kwa muda. Ni kweli kinagharimu. Lakini kabla ya kimya kile tulikuwa tunalipia simu nzima ambayo hakuna aliyeisikia, maana heshima ya mtu inamtaka aitikie salamu kwanza kabla ya kusikiliza shida.

Heshima hiyo hiyo inamponza mtengenezaji anapokwenda kujaribu kazi yake. Ukimsomea mtu ujumbe ukamuuliza “Umeelewa?”, jibu ni “Nimeelewa mwanangu, Mungu akubariki.” Atakujibu hivyo hata kama hakuokota neno, kwa sababu umetoka mbali, umekaa kwenye mkeka wake, na si uungwana kukuvunja moyo. Nimesoma ripoti zinazosema wahojiwa wote waliuelewa ujumbe, na siziamini. Sisi tunauliza hivi: “Jirani yako akikuuliza hii simu imesema nini, utamwambiaje?” Au tunamwomba amweleze binti yake mbele yetu. Hapo ndipo mambo yanapojitokeza.

Nikupe mfano mmoja kwa urefu. Kulikuwa na ujumbe wa wagonjwa wa presha uliosema wapunguze chumvi kwenye chakula. Ni ushauri sahihi, unatolewa dunia nzima. Mzee mmoja wa Tumbe, mstaarabu sana, aliniambia ameshaitoa chumvi kabisa mezani. Hata mkewe amemkataza kutia kwenye mchuzi. Presha yake ilikuwa juu vile vile. Nikamwomba anihadithie alichokula jana, kuanzia alipoamka. Asubuhi muhogo kwa papa mkavu. Mchana wali na ng'onda, na achari pembeni. Jioni kilichobaki. Chumvi yote ile anayoikimbia ilikuwa ndani ya samaki aliyekaushwa kwa chumvi, na kwake yeye huyo ni samaki, haingii kwenye hesabu ya chumvi. Ujumbe haukumdanganya, lakini haukumfikia jikoni.

Tukauandika upya ukiwataja papa mkavu na ng'onda kwa majina yao. Na hatukusema “usile”, maana kwa nyumba nyingi huyo ndiye samaki anayepatikana siku ambazo bahari imechafuka au fedha ni ndogo. Tukasema: mloweke, maji yale yamwage, umchemshe, maji ya kuchemshia nayo uyamwage, kisha upike bila kuongeza chumvi, na siku ambayo samaki mbichi yupo ule mbichi. Halafu tukajiuliza nani anapika. Mzee hapiki. Anapika mkewe au mke wa mwanawe. Kwa hiyo wakati wa kumwandikisha mgonjwa wa presha tunamuuliza kama angependa mpishi wa nyumba apate ujumbe naye. Wengi wanacheka na kusema, “Mtumie yeye tu, mimi nakula nnachopewa.”

Ujumbe ule wa ng'onda ulituletea jambo jingine la kiufundi ambalo kila anayeandika ujumbe mfupi kwa Kiswahili anapaswa kulijua. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160. Lakini ukiingiza alama moja tu isiyokuwemo kwenye alfabeti ya msingi ya simu, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70. Kile kialama cha ng', ukiandika kwa programu ya kompyuta, mara nyingi hugeuzwa chenyewe kikawa kile kilichopinda, na kilichopinda hakimo. Kilichonyooka kimo. Kwa hiyo ng'onda mmoja aliyeandikwa vibaya anaufanya ujumbe wa herufi 150 ulipiwe kama ujumbe tatu, na kwa simu nyingine za kitochi zikafika zimekatika vipande, cha mwisho mbele. Vikatuni vya uso na moyo vinafanya hivyo hivyo. Kabla ujumbe haujatumwa kwa maelfu, mtu aukague kwa jicho hilo, na autume kwanza kwenye kitochi chake mwenyewe.

Kuhusu siri nitasema wazi, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumizwa kweli. Simu ya nyumba mara nyingi ni ya mume, au ni ya kijana wa skuli ambaye ndiye anayewasomea wengine. Ujumbe wa presha ukisomwa na nyumba nzima ni heri. Ujumbe wa dawa za virusi vya Ukimwi, wa uzazi wa mpango, wa kifua kikuu, wa mimba ambayo mtu hajaitangaza, ukisomwa na asiyehusika unaweza kumtoa mtu ndoani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu matumizi ya simu katika afya lilikubali ujumbe wa moja kwa moja kwa wagonjwa, lakini kwa sharti kwamba siri na mambo nyeti yawe yameshughulikiwa. Kwenye ofisi sharti hilo linaonekana kama mstari wa fomu. Nyumbani ni ulinzi wa mtu.

Tunachofanya ni hiki. Swali la kwanza la kuandikishwa si “namba yako ni ipi”, ni “simu hii ni ya nani, na nani mwingine huishika”. Mgonjwa anachagua maneno yatakayotumika. Mmoja alitaka tumwandikie “Assalaam alaikum, usisahau kikao cha Alkhamisi”, na hivyo ndivyo anavyoandikiwa. Asiyetaka ujumbe haandikiwi, na hakuna anayemuuliza sababu. Na liangalieni jina la mtumaji, lile linalotokea juu ya ujumbe. Lina nafasi ya herufi 11 tu, na nimeona mradi uliochagua kutumia herufi hizo kuutaja ugonjwa. Ujumbe ndani ulikuwa umefichwa kwa uangalifu mkubwa, na juu yake jina linapiga mbiu. Kuna na laini zilizoachwa: mtu akiacha kutumia laini yake kwa muda, kampuni humpa mwingine. Kwa hiyo baada ya kimya kirefu hatutumi jambo lolote la ndani mpaka mhudumu wa shehia athibitishe kwamba namba bado ni ya mwenyewe.

Ya WhatsApp nitayapitia haraka. Kipande cha sauti kifupi kinasambaa vizuri kuliko bango lenye maandishi, na watu wanakituma kwa jamaa zao walioko Unguja na Maskati. Lakini kinaishi muda mrefu. Tangazo la kipindupindu la msimu uliopita linaweza kuibuka upya kwenye kundi la familia na kuwatia watu hofu bure. Kila sauti yetu sasa inaanza kwa kutaja mwezi na mwaka, na kituo kilichoitoa, kwa mdomo, ndani ya sauti yenyewe, maana maelezo yaliyoandikwa chini yake huachwa njiani inaposafirishwa.

Ramadhani ni kipimo cha huduma nzima. Mfumo uliopangwa kumkumbusha mtu dawa saa 7 mchana unamkumbusha mfungaji avunje saumu yake, kila siku, mwezi mzima. Wagonjwa wa kisukari ndio wenye hatari zaidi, hasa wanaochoma insulini na wanaotumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, uliotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa wataalamu wa DAR (Kisukari na Ramadhani) mwaka 2021, unasema mgonjwa aonwe na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuanza, aambiwe kama anaweza kufunga na dozi zake zibadilishwe vipi. Kwa kalenda yetu hiyo ni Rajabu. Kwa hiyo ujumbe wetu wa Ramadhani unaanza Rajabu, wakati hakuna anayefikiria futari bado, na unasema jambo moja: njoo uonane na daktari kabla ya kunuia kufunga.

Mwezi wenyewe ukifika, saa za ujumbe zinahama: moja kabla ya daku, nyingine baada ya tarawehe. Na kwa sababu Ramadhani huanza kwa kuandama mwezi, hatukuikabidhi kompyuta kazi hiyo. Usiku wa shaka kuna mtu wetu anayesubiri tangazo, na likitoka anabonyeza. Ujumbe unaotajwa kuliko wote ni ule unaosema kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 (kwa kipimo cha mmol/L) mtu afungue palepale, hata kama zimebaki dakika chache kufika magharibi. Nilijua kwamba maneno hayo yakitoka kwa muuguzi, wapo watakaoyaweka kando mpaka jioni. Tukamwomba imamu mmoja wa Wete ayaseme yeye, kwa sauti yake, akieleza kwamba dini haimtaki mtu ajiangamize. Daktari akakaa naye kuhakikisha namba ziko sawa, na yeye akakaa na daktari kuhakikisha hukumu iko sawa. Ile ndiyo sauti ambayo watu huniomba niwatumie tena.

Baada ya yote hayo, kilichobaki ni kumsikiliza mgonjwa anapouliza yeye. Watu wetu hawana salio la kupiga na kueleza maradhi, lakini wanabipu. Kwa hiyo tukatengeneza namba ya kubipu: unapiga, inakata, muuguzi anakupigia. Simu nyingi huingia kati ya alasiri na magharibi, mtu ametoka shamba au pwani na hajaanza kupika. Muuguzi anaandika kila swali kwenye daftari, kwa maneno ya muulizaji. Mimi nilitarajia dalili, dozi, vyakula. Yapo. Lakini swali linalorudi kuliko yote ni hili: “Dawa zipo?” Na pacha wake: “Daktari yupo leo?”

Nalielewa vizuri swali hilo. Mtu anatoka Kiuyu na nauli ya kwenda na kurudi, ameacha kazi, pengine amemwacha mtoto kwa jirani, anafika dirishani anaambiwa dawa hazipo, arudi wiki ijayo. Mwezi wa pili anarudi tena vile vile. Wa tatu haji, na kwenye daftari la kituo anaandikwa kuwa ameacha dawa. Wataalamu wanakutana kujadili namna ya kumwelimisha zaidi. Elimu anayo. Alichokikosa ni habari ya stoo.

Kwa hiyo nguvu zetu nyingi sasa ziko huko. Kwenye vituo vilivyokubali, mtoa dawa anatuma kila asubuhi kabla ya saa 2 namba fupi za dawa chache tu za presha, kisukari na pumu: ipo, inakaribia kwisha, haipo. Mgonjwa anabipu namba ya kituo chake na anapigiwa na sauti inayomsomea. Si wakuu wote wa vituo wanaopenda. Mmoja aliniambia kwa hofu ya kweli kwamba kutangaza upungufu ni kujitangazia aibu, na kwamba atakayeulizwa ni yeye, wakati si yeye anayeziagiza dawa. Hofu yake ni ya haki, nami siwezi kumtaka mtu ajitolee bila kinga. Tumeanza kuzungumza na walio juu yake ili taarifa ya upungufu iwafikie wao kwanza, mapema, ikiwa ni maombi ya dawa kabla haijawa lawama, na vituo viwili jirani viweze kuazimana.

Sharti moja ambalo sikubali lilegezwe ni kuhusu siku ambayo mtoa dawa hakutuma. Fundi wetu alitaka mfumo usome jibu la jana, ili mgonjwa asikose jibu. Mtu wa Kiuyu hatumii jibu la jana kulipia nauli ya leo. Siku kama hiyo sauti inasema: “Leo bado hatujapata taarifa kutoka kituoni. Kaa karibu na simu, usiondoke nyumbani, tutakupigia.” Na muuguzi anapewa jina la mtu huyo akampigie.